Mita Sitini Kutoka Bahari ya Mwaka Gani?

Kwetu Wazo bahari unaiona kabla hujaifikia. Ukipanda juu kidogo, upande wa kilima kinakochimbwa mawe ya saruji, unauona mstari wa buluu umelala nyuma ya minazi na mabati, na siku ikiwa haina ukungu unakiona hata kisiwa cha Mbudya. Kwa macho ni karibu mno. Bodaboda naye atakuambia ni karibu, dakika kumi tu, na kweli dakika kumi haziishi anakuwa amekufikisha. Anakufikisha getini.

Mwaka jana dada yangu alimleta mwanawe kutoka Dodoma aje akae nami wakati wa likizo. Ana miaka tisa na bahari alikuwa ameiona kwenye simu tu. Jumapili ya kwanza nikamchukua tukaenda upande wa Kunduchi, kwenye uchochoro ninaoujua tangu nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Ulikuwa uchochoro wa kawaida: upana wa mikokoteni miwili, michongoma huku, ukuta huku, mchanga unaingia viatuni, halafu mkungu mmoja mkubwa, halafu maji. Hatukuwahi kumuomba mtu ruhusa. Wavuvi walipita na nyavu, akina mama walipita na ndoo za samaki, sisi tulipita na vitabu ambavyo hatukuvisoma.

Sasa pana geti jeusi la chuma, na kibanda cha mlinzi.

"Shikamoo," mpwa wangu akaamkia.

"Marahaba. Mnaenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu, kaka," nikamjibu. "Tunapita tu kwenda baharini."

"Hapa hakuna njia, bosi. Njia ilikuwa zamani."

Hakusema kwa ubaya. Ni kijana wa rika langu, analinda geti ili kesho watoto wake wale. Tukaishia kulipa kiingilio sehemu nyingine, mtoto akaogelea, akameza maji ya chumvi, akafurahi. Lakini yale maneno yalinikaa. Njia ilikuwa zamani. Zamani ipi? Ilifungwa na nani, na kwa sheria gani? Nikaanza kufukua, kwanza kama mwandishi wa habari, baadaye kama mtu aliyeibiwa kitu asichojua kukitaja jina.

Nianze na neno lenyewe. Pwani linatokana na kupwa. Maji hujaa, maji hupwa, na pale yanapopwa ndipo pwani. Maana yake wazee waliotupa neno hili hawakuwa wanataja kipande cha ardhi chenye kona nne. Walikuwa wanataja mahali ambapo bahari inaondoka na kurudi, mara mbili kwa siku, na hapa kwetu wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa inazidi mita tatu. Sijui afisa ardhi angeweka wapi jiwe la mpaka katika neno kama hilo.

Na pwani hii ya kaskazini mwa Dar es Salaam haikuwa pori tupu likisubiri mwekezaji. Kunduchi pana magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina. Watu waliozikwa pale waliishi kwa bahari, walipokea vitu kutoka mbali kwa bahari, na wakalazwa karibu nayo. Wenyeji wa vijiji hivi, Msasani, Kunduchi, Mbweni, ni Washomvi, watu wa samaki na chumvi, na nyuma yao bara kidogo wako Wazaramo. Masimulizi ya zamani yanasema Washomvi waliposhambuliwa na Wakamba waliomba msaada kwa pazi wa Wazaramo, na baada ya ushindi watu wa bara wakapata fungu lao katika mali ya pwani. Watu wa bara na watu wa pwani waligombana, wakapatana, wakalipana. Walichokuwa wakigawana ni mazao ya bahari. Anayeishi Wazo leo, akipanda bodaboda kushuka Kunduchi kununua samaki, anafuata mwelekeo uleule wa bara kwenda majini.

Kisha wakaja Wajerumani na karatasi. Amri ya mfalme wao ya tarehe 26 Novemba 1895 ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe katika koloni ni mali ya dola, na kama ulikuwa huna hati basi kazi ya kuthibitisha umiliki ilikuwa yako. Waingereza wakaja na sheria yao ya ardhi ya 1923, wakaiita ardhi ya umma, chini ya usimamizi wa Gavana. Neno umma, kwa hiyo, limeingia katika sheria zetu za ardhi likiwa limevaa kofia ya mkoloni. Tulipopata uhuru tulifuta umiliki wa moja kwa moja wa ardhi mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi ya 1999 ikarudia kusema kwamba ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Yule mlinzi, mimi, mpwa wangu na mwenye geti, wote kwa maneno ya sheria tumesimama kwenye ardhi yetu. Isipokuwa mmoja wetu ana ufunguo.

Hapa ndipo nilipokutana na jambo lililonishangaza kuliko yote. Tunajua sote kwamba Dar es Salaam ya mkoloni iligawanywa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Oysterbay ilijengwa enzi za Waingereza kuwa makazi ya Wazungu, penye upepo wa bahari na bustani kubwa, mbali na Kariakoo. Kwa mantiki hiyo ungetegemea ufukwe wa Oysterbay uwe ndio uliofungwa kabisa. Lakini nenda leo. Ni pale pale ilipo Coco Beach, ambako Jumapili jioni familia zinatoka Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara, zinakula mihogo ya kukaanga na kachumbari na pilipili ya ukwaju, watoto wanacheza mpira, na hakuna anayeulizwa anaenda kwa nani.

Kwa nini? Sababu ni barabara. Wapangaji wa Oysterbay walipitisha barabara kando ya bahari, hii tunayoiita leo Toure Drive, nyumba zikakaa upande wa ndani wa barabara na maji upande wa pili. Mjini kati ni vilevile: barabara ya baharini, ambayo tangu 2013 inaitwa Barack Obama Drive, inatenganisha majengo na ufukwe. Wale wakoloni hawakuwa wanatufikiria sisi, walitaka kupunga upepo na magari yao. Lakini barabara haichagui. Siku Mwafrika aliporuhusiwa kutembea Uzunguni bila kuulizwa, alikuta bahari iko pembeni ya barabara. Hata ulipokuja mpango wa kumkabidhi mwekezaji Coco Beach, ubishi ukafika mpaka mahakamani, watu walikuwa na cha kutetea, kwa sababu walikuwa wamezoea kukaa pale. Huwezi kumnyang'anya mtu kimyakimya mahali ambapo kila Jumapili yupo.

Sasa njoo huku kwetu kaskazini. Viwanja vya Mbezi Beach vilipimwa miaka ya 1970 na 1980, nchi ikiwa huru, siasa ikiwa ya ujamaa, na huku hakuna Toure Drive. Barabara kubwa, ya Bagamoyo, inapita mbali na maji. Kutoka hapo zinashuka barabara ndogo za vumbi, na mwisho wake viwanja vinashuka hadi ufukweni, kimoja kando ya kingine, kama meno. Kati ya jino na jino ndipo zilipokuwa zile chochoro. Watumishi wakubwa na watu wenye uwezo walipata viwanja, wengine wakajenga, wengine wakauza, na soko lilipofunguliwa miaka ya 1990 bei ikapanda na kuta zikapanda nayo. Mwaka 1967 jiji zima lilikuwa na watu laki mbili na elfu 70 hivi. Sensa ya 2022 imehesabu milioni 5.4. Uchochoro ambao wavuvi ishirini waliuona ni njia, mnunuzi mpya aliuona ni nafasi ya kuegesha gari.

Ndiyo maana nasema, na wenzangu wa dawati la habari wameshanichoka kwa hili, kwamba historia ya ufukwe wa Dar ni historia ya njia. Mchanga haujawahi kuwa tatizo kubwa. Nani anataka kumiliki mchanga? Tatizo ni mita mia tatu za kuufikia.

Msomaji atasema: lakini si kuna mita sitini? Ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari, ziwa au kingo za mto. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 inaiweka ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ufukwe miongoni mwa maeneo ya kuhesabiwa ardhi hatarishi. "Mita sitini" imekuwa msemo wa mtaani kabisa. Lakini isome taratibu. Sheria ile inalinda mazingira kwa kuzuia ujenzi. Haisemi wewe na mpwa wako mpite wapi. Mtu anaweza kuacha mita zake 60 zikiwa bustani safi ya majani, akajenga ukuta upande wa barabara, na wewe ukabaki nje ukitii sheria pamoja naye.

Halafu mita 60 kutoka bahari ya mwaka gani?

Hili swali si la mzaha kwa watu wa Kunduchi. Abiria wa daladala za barabara ya Bagamoyo wanakijua kituo kinachoitwa Africana. Waulize wangapi wanajua ni Africana ya nini. Ilikuwa hoteli ya ufukweni, ya wakati ule serikali ilipokuwa inajenga utalii. Bahari ikaila. Mawimbi yalimega ufukwe wa Kunduchi miaka ya 1970 na 1980 mpaka hoteli ikaachwa, na leo jina lake limebaki midomoni mwa makondakta. Wanasayansi walioichunguza pwani hii wametaja sababu ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzielewa. Mchanga wa ufukweni unaletwa na mito, na mito hii yetu, Tegeta, Mbezi na mingine, ilichimbwa mchanga wa kujengea jiji. Matumbawe yanayopunguza nguvu ya mawimbi yalivunjwa kwa baruti za wavuvi haramu na kwa kuchomwa chokaa. Upepo wa kusi unausukuma mchanga kuelekea kaskazini, wa kaskazi unaurudisha kiasi, na kama hauji mwingine kutoka mtoni, ufukwe unakonda. Wenye hoteli wakajenga matuta ya mawe kuingia baharini ili kunasa mchanga. Mchanga ukanaswa kweli, na jirani wa upande wa pili akaanza kumegwa yeye.

Hapo kuna kitu cha kwetu Wazo. Kilima chetu ni chokaa iliyotokana na matumbawe, yaani ni bahari ya kale iliyobaki nchi kavu. Kiwanda cha saruji kipo tangu 1966. Na Kunduchi Mtongani watu wamekuwa wakigonga kokoto kwa mikono miaka nenda rudi, wengi wao akina mama. Saruji ya kwetu, kokoto za kwao, mchanga wa mtoni: ukijumlisha unapata ukuta wa ufukweni.

Kwa hiyo aliyepimiwa kiwanja kikiwa mita 100 kutoka majini, leo anaweza kuwa na mita 40, bila yeye kusogeza jiwe. Namwonea huruma, kusema kweli. Lakini huruma yangu ina mpaka, kwa sababu naikumbuka Desemba 2015. Nyumba za bonde la Msimbazi, kule Mkwajuni, Kinondoni, ziliwekewa alama ya X nyekundu na kubomolewa, na mojawapo ya hoja ilikuwa hizihizi mita 60, za mto. Akina mama walikaa juu ya magodoro kando ya vifusi, mvua zikiwa njiani. Kuta za ufukweni nazo ziliwahi kuvunjwa hapa na pale, siwezi kusema haikutokea. Ila nyingi zimesimama, na wenye nazo wana mawakili. Mita sitini za mtoni zinaonekana kupimwa kwa kamba fupi kuliko mita sitini za baharini.

Tusidhani ni ugonjwa wa kwetu peke yetu. Wakenya wameandika katika Katiba yao ya 2010, ibara ya 62, kwamba ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ni maneno mazuri, yanaikumbuka maana ya pwani kuliko sheria zetu. Lakini kabla ya hapo Tume ya Ndung'u ilikuwa imeshaonyesha, mwaka 2004, jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria nchini humo, na katiba haiwezi kukutengenezea kijia katikati ya viwanja viwili ambavyo vimeshauzwa. Nenda mbali zaidi, Jamaika, nchi ambayo nusu ya vijana wa Coco Beach wamevaa picha ya mwanawe mmoja kifuani. Sheria yao ya fukwe ni ya 1956, ya enzi za mkoloni. Iliiweka ardhi ya kati ya maji kujaa na kupwa mikononi mwa dola, bila kumpa mwananchi haki ya jumla ya kuifikia na kuogelea. Watalii wanapewa picha ya ufukwe wa faragha usio na mtu, na wenyeji wanakwenda mahakamani kudai njia walizopita babu zao. Hata ufukwe unaoitwa kwa jina la Bob Marley umeingia katika madai hayo. Na jambo la kuchekesha ni kwamba Warumi, mwaka 533, katika vitabu vya sheria vya mfalme Justinian, walikwisha kuandika kwamba hewa, maji yanayotiririka, bahari na ufuko wake ni vya watu wote, na ufuko unafika pale linapofika wimbi kubwa la majira ya baridi. Miaka 1,500 hivi imepita, na sisi tunaulizana na mlinzi.

Sitaki nieleweke kwamba kila malipo ni wizi. Mbudya nimekwenda, kwa boti kutoka Kunduchi, na ukitaka ufukwe wenye utulivu karibu na jiji hili sijui pengine pa kukutuma. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa maeneo tengefu mwaka 1975, na chini ya sheria ya 1994 vinasimamiwa na taasisi ya hifadhi za bahari. Unalipa, unapewa risiti, unakuta matumbawe yana nafuu kuliko huku bara, na hakuna aliyekufungia kisiwa awe nacho peke yake. Mwenye kisiwa ni mimi na wewe, na tumemweka msimamizi. Geti jeusi la Kunduchi ni habari nyingine. Pale hakuna hata risiti.

Na dawa siyo ngeni. Sheria hiyohiyo ya Ardhi ina sehemu inayohusu haki za njia za umma. Lakini njia ya umma lazima ipimwe, ichorwe kwenye ramani ya mipango miji, iwekwe mawe, ionekane. Uchochoro wetu ulikuwa na kila kitu isipokuwa mchoro. Ulikuwa unaishi kwenye miguu ya watu, na miguu haipelekwi mahakamani kuwa kielelezo.

Kabla mpwa wangu hajarudi Dodoma nilimpeleka tena. Safari hii tulianzia soko la samaki la Kunduchi. Nilimkuta mzee mmoja anashona nyavu, nikamwamkia, nikamuuliza kama mtu anaweza kutembea ufukweni kutoka pale hadi kwenye ule mkungu.

"Unaweza, mwanangu, kwani nani amekukataza? Ila uliza maji kwanza. Leo bamvua. Saa nne yatakuwa yamepwa kabisa, tembeeni. Saa nane msiwe kule. Maji yakijaa yanagonga ukuta, hakuna pa kukanyaga."

Tukavua viatu tukaenda. Kushoto kuta, nyingine mpya, nyingine zimepasuka chini na nondo zimechomoza, moja imelala kifudifudi mchangani na hakuna aliyeiinua. Kulia maji, mbali kabisa, na akina mama wameinama wanatafuta pweza kwenye mawe. Mtoto aliuliza maswali yote ya duniani. Kaa anapumuaje? Yule mwanamke haogopi? Huu ukuta ni wa jela?

Mkungu tuliukuta. Mizizi yake upande wa bahari iko nje sasa, inaning'inia, na ngazi mpya za zege zinashuka pembeni yake kutoka kwenye bustani. Juu ya ngazi, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa amekaa yule yule mlinzi, anakula embe.

"Bosi! Kumbe umefika."

"Tumefika kwa kuzunguka."

Akacheka. Akamkatia mpwa wangu kipande cha embe, akamrushia, mtoto akadaka. Kisha akatazama maji, kama wanavyotazama watu waliozaliwa huku, kwa sekunde moja tu.

"Kaa dakika tano, kaka, halafu mgeuze. Yameshaanza kurudi."

Tulikaa kumi. Tulipofika kwenye ule ukuta uliolala, maji yalikuwa magotini mwangu na kiunoni mwa mtoto. Nikampakata mgongoni, viatu vyetu vinne nimevifunga kwa kamba shingoni, na yeye ananihesabia kwa sauti kuta zilizobaki kufika sokoni.